Mchanga wa Mwalimu Milcah

Nyevu binti Nzai hakuwa na ugomvi na mtu Mikindani nzima, mpaka mtoto wake alipoanza kusema "Mwalimu kasema." Mwalimu kasema tunawe mikono. Mwalimu kasema kumi ni tano mbili. Mwalimu kasema paka na panya wanaanza kwa sauti moja. Mwanzo Nyevu alikuwa akiitikia tu, ehee, huku vidole vinasuka ukili wa mkeka. Baadaye akawa haitikii. Mwisho wake, kila likitajwa hilo neno mwalimu, roho ilimwuma hasa, akasuka kwa hasira mpaka miyaa ikakatika mkononi.

Tusimcheke haraka. Mtoto alikuwa mmoja. Kabla ya Dhahabu alizaa wavulana wawili, na wote aliwazika kabla hawajaota meno. Dhahabu alipopona surua na kuanza kutembea, Nyevu hakutaka hata majirani wambebe. Mumewe Fondo alikuwa kuli bandarini, akitoka alfajiri na kurudi jua limekwisha kuzama, ananuka magunia, hana neno ila chakula. Kwa hiyo mchana wote ulikuwa wa mama na binti. Mama anasuka, binti anampa miyaa moja moja, zile chane za majani ya mkoma, na kumwuliza maswali yasiyo na mwisho. Nyevu alikuwa na majibu yote. Hilo ndilo alilolipenda kuliko yote, kwamba kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyeamini kuwa yeye anajua kila kitu.

Na huyu Nyevu hakuzaliwa kwenye dini. Kwao ni Jibana, na babaye, Nzai, alikuwa mpiga ramli. Watu walimjia kutoka mbali wakiwa na wagonjwa wao na mashaka yao. Mzee akimwaga mchanga juu ya ubao, akachora vistari kwa kidole, akavihesabu viwili viwili, akafuta kwa kiganja, akachora tena, kisha akasema nani kamroga nani. Aliyekuwa akimchekechea mchanga huo ni Nyevu mwenyewe, alipokuwa msichana. Alipoolewa na Fondo, mtu wa kanisa, alibatizwa akaacha yote hayo nyuma. Lakini ilichukua muda mrefu sana wanawake wa kanisani waache kumtazama mikono yake kila alipokaa nao kupepeta mchele.

Shule ya kanisa ilikuwa banda la makuti kando ya barabara ya Nairobi. Aliyeiendesha ni Gershom, mhubiri na mwalimu kwa pamoja, maana hapakuwa na mwingine. Watoto wadogo aliwafundisha kwa kelele. Yeye anasema a, wao wanapiga ukelele a, yeye anasema e, wao wanapiga ukelele e, na hivyo hivyo mpaka matingo wa malori yapitayo wakalijua somo kuliko wanafunzi. Dhahabu alikwenda huko msimu mzima akarudi kama alivyokwenda. Nyevu alijifanya kusikitika. Kimoyomoyo alifurahi, kwa sababu mtoto akitoka shule alikuja mbio, akatupa kibao chake, akakaa palepale pake pa siku zote.

Mwaka ulioufuatia ule wa mgomo mkuu wa makuli bandarini, akaja Milcah. Alikuwa mke wa Wafula, mtu wa bara aliyefanya kazi ya reli pale Changamwe. Milcah alisomea ualimu huko kwao kwenye ziwa, na Gershom, aliyechoka kupiga kelele, alimkabidhi watoto wadogo siku ileile alipomaliza kusema jina lake. Alikuwa mwembamba, mpole, anayecheka upesi, na bado hajajaliwa mtoto.

Kelele zikakoma. Watu waliopita njiani wakadhani shule imefungwa. Kumbe watoto wamo ndani wamepiga magoti, wanafinyanga herufi kwa udongo, wanazianika juani, na jioni wanazitambua kwa kupapasa macho yamefumbwa. Walihesabu kwa komwe, zile mbegu ngumu za kijivu ambazo wazee huchezea bao. Walifunga njiti kumi kumi kwa miyaa ili kila fungu liwe kumi moja. Waliyapigia makofi maneno, wajue yana sauti ngapi ndani yake. Na kila mtoto alikuwa na sinia kuukuu au kifuniko cha sanduku kilichotiwa mchanga mkavu, akiandikia humo kwa kidole, na akikosea anafuta kwa kiganja na hakuna wa kumchapa.

"Mama," Dhahabu akasema jioni moja, "nikupigie makofi?"

"Nipigie mwanangu."

"Mwa-li-mu. Matatu! Dha-ha-bu. Matatu! Sisi tuko sawa. Ma-ma." Akasimama kidogo. "Wewe mawili tu. Wewe umepungua."

Fondo alicheka mpaka akapaliwa na maji. Nyevu hakucheka. Aliinuka akaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Toka siku hiyo akawa mwanamke mwingine. Mtoto akiomba komwe za kupeleka shule, anaambiwa hakuna, na hali mkomwe umejaa nyuma ya nyumba. Dhahabu akaenda kuchuma mwenyewe, akarudi na mikono imechanikachanika kwa miiba, na furaha tele. Mtoto akitaka asukwe nywele kama za mwalimu, Nyevu anazifumua na kuzisuka kwa mtindo wa Jibana, anavuta mpaka machozi yakamtoka mtoto. Akianza kuhesabu miyaa kwa sauti, mama anamwambia nyamaza, unanipoteza. Hakuambilika, hakusemezeka. Jirani akimsifia bintiye kwamba anasoma jina lake kwenye gunia la unga, Nyevu anabenua midomo na kusema, "Kusoma ni kusoma, lakini atapika nani?"

Siku moja akaamua kwenda kuona kwa macho yake. Alijitia anapeleka mkeka kwa mteja, akapita nyuma ya banda, akasimama penye uwazi wa dirisha. Watoto walikuwa wameinamia mchanga wao. Hakuna aliyemwona. Dhahabu alikuwa katikati ya magoti ya Milcah, mgongo umeegemea kifua cha mwalimu, na Milcah kashika kile kidole kidogo katika mkono wake, anakipitisha mchangani polepole. Wanazunguka, wanashuka, wanapinda. Kisha mtoto akafanya peke yake, akageuza uso juu kumtazama mwalimu, na Milcah akaliweka shavu lake juu ya kichwa cha mtoto.

Nyevu aliuona mchanga, akaukumbuka ule wa baba yake. Lakini hakudanganyika hata nukta moja. Babaye alichora vistari vifupi kwa safu, akavioanisha viwili viwili, akitamka mambo yake chini chini. Hapa mtoto anachora herufi, basi. Aliyekulia kwenye ubao wa ramli hawezi kukosea jambo hilo, kama vile mvuvi hawezi kudhani ndoo ya maji ni bahari. Kilichomwuma si mchanga. Ni lile shavu.

"Karibu mama!" Milcah alikuwa amemwona. Akaja dirishani, mikono imejaa vumbi. "Shikamoo. Ingia ukae, ujionee mwanao alivyo hodari."

"Marahaba. Nina safari."

"Mtoto huyu ni hazina kweli kweli. Unajua," Milcah akacheka kwa moyo mweupe kabisa, "siku nyingine anajisahau ananiita mama."

Alisema akidhani anampa zawadi. Nyevu akaitikia kwa kichwa, akaubeba mkeka wake, akarudi nyumbani. Hakupika mchana huo.

Sasa hapo ndipo mzee Kombe alipoingia. Kombe alikuwa mzee wa kanisa, mtu mzito wa maneno, na wokovu wake ulikuwa bado una woga ndani yake. Alimkuta mjukuu wake jikoni anachora majivu kwa kidole, anafuta kwa kiganja, anachora tena. Alipomwuliza anafanya nini, mtoto akasema tunafanya hivi shuleni. Mzee akayasambaza majivu kwa mguu. Watu wa rika lake waliacha ramli kwa gharama, wengine walizichoma hirizi zao mbele ya mchungaji, na leo inarudi kupitia kwa watoto wao, tena kwenye banda la kanisa! Habari ikazunguka Mikindani yote kabla jua halijatua. Na Kombe hakwenda kwa Gershom kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa Nyevu.

"Mama Dhahabu," akasema, amesimama mlangoni bila kuketi, "sisi tulikuwa tukienda kwa wapiga ramli, lakini tulikuwa tukikaa upande wa mteja. Wewe ulikaa upande wa ubao. Jumapili utaulizwa ikiwa ni ile au siyo. Utakalosema ndilo litakalokuwa."

Tangu abatizwe hakuna mtu aliyewahi kumwambia Nyevu maneno kama hayo. Mzee alipokwisha ondoka, alikaa na ukili wake mapajani bila kusuka. Neno lake moja, na mwalimu anakwenda zake. Hakuna wa kuumia. Mtu wa bara atapata kazi popote, ana chuo chake, ana mume wake wa reli. Na Dhahabu atarudi kwa mamaye. Alilipindua jambo hilo huku na huku kila siku mpaka Jumapili, na kila alipoligeuza lilimpendeza zaidi.

Ibada ilipokwisha watu hawakutoka. Gershom aliwaketisha wazee mbele, akamwita Milcah, akamwita Nyevu. Alionekana hana raha, maana alikuwa anampenda mwalimu wake mpya na zaidi alikuwa anapenda kupumzisha koo lake.

"Mama Dhahabu, hakuna anayekulaumu kwa nyumba uliyozaliwa," alianza. "Umeiona kazi ya mwalimu?"

"Nimeiona."

"Basi tuambie. Ni nini?"

Nyevu akamtafuta mwanawe kwa macho. Alimwacha kwenye mkeka wa kina mama, karibu na mahali pake. Hakuwapo. Alikuwa amejipenyeza mpaka mbele, ameshika ncha ya kanga ya Milcah.

"Ni ileile," Nyevu akasema. "Mchanga uleule, kidole kilekile. Baba yangu alikuwa akifanya vivyo hivyo."

Watu wakaguna. Milcah alimtazama, akawatazama wazee, akajieleza kwa Kiswahili chake cha bara, polepole. "Ni herufi, wazee wangu. Mtoto akiipitishia kidole, mkono unaishika hata kama macho yamesahau. Nilifunzwa hivyo chuoni. Hiyo ramli mimi sijawahi kuiona."

Kombe akajiinua. "Hujawahi kuiona. Sawa, wewe ni mgeni, nakuamini. Zile komwe nani alikuletea?"

"Dhahabu. Alizichuma mwenyewe, mpaka akaumia."

"Na mchanga, nani alikuonyesha pa kuuchota?"

"Dhahabu. Alisema mwembamba unapatikana kule bondeni, na akawaonyesha wenzake kuuchekecha."

"Na wenzake wakishindwa kuandika humo, nani huwaonyesha?"

"Dhahabu," akasema Milcah, na maskini, hata hapo sauti yake ilijaa fahari. "Yeye ndiye anayeongoza wote."

Kombe akawageukia watu. Kanisa zima lilikuwa limeshahesabu. Nyevu akaona nyuso, moja baada ya nyingine, zinamgeukia mwanawe.

"Ndugu zangu," mzee akasema, "mtu wa bara hawezi kuijua ramli ya kwetu. Ameingiliwa bila kujua. Iliyoleta kazi hii ni damu ya Nzai. Mwenye kuijua ameshatuambia kwamba ni ileile, na mwenye kuiongoza tumeshamjua. Mtoto huyu asikanyage tena shuleni, asiwaharibu wenzake. Na mchanga umwagwe."

"Nimesema uongo!" Nyevu alikuwa amesimama, kanga imemwanguka mabegani. "Siyo ramli! Nilijua siyo, niliona kwa macho yangu, ramli haichorwi vile! Mwulizeni yeyote! Nimesema uongo!"

Wanawake wakamshika wakamketisha, kwa huruma kabisa, wakimpangusa uso. "Ni mama," Kombe akasema kwa upole. "Mama atasema lolote kumtetea mwanawe. Tusimhesabie." Hata Gershom alitikisa kichwa kwa masikitiko. Nyevu aliaminiwa alipodanganya, na sasa alipotoa kweli akaonewa huruma. Milcah peke yake ndiye aliyetoka nje bila kungoja dua ya mwisho.

Basi Nyevu akarudishiwa mwanawe. Asubuhi Dhahabu anakaa kando yake, mchana yupo, jioni yupo. Anampa mama miyaa moja moja. Haulizi kitu. Wenzake wakipita kutoka shule wanamzomea, mpiga ramli, mpiga ramli, naye anajisogeza ukutani asionekane. Fondo, aliyekuwa zamu bandarini Jumapili ile, alipopata habari yote hakupiga kelele. Alisema tu, "Wewe na mdomo wako," na tangu hapo akawa anakula amempa mkewe mgongo.

Nyevu alijaribu kutengeneza. Siku moja alikwenda bondeni mwenyewe, akachota mchanga, akauchekecha kama zamani, akautia kwenye uteo, ule ungo wake mdogo, na kuuweka mbele ya mtoto. "Haya, mwanangu. Niandikie."

Dhahabu akaficha mikono nyuma. "Ni wa shetani, mama. Wewe ndiye uliyesema."

Nyevu akaumwaga uani. Angejua herufi moja tu angemwandikia yeye mwanzo, ampe moyo. Hakujua hata moja. Na hata katika uchungu huo, wivu haukumwacha. Alijiambia kwamba angekuwa Milcah ndiye aliyeshika uteo ule, mtoto angenyoosha mkono.

Shuleni kelele zilianza upya, a, e, i, o, u, mpaka barabarani, kwa sababu Milcah hakurudi. Alikataa kusimama katika darasa lililomfukuza mtoto. Wafula akaomba kuhamishiwa Voi, wakakubaliwa, na Voi palikuwa na shule nyingine ya misheni iliyokuwa inatafuta mwalimu. Jumapili moja alasiri Milcah akafika kwa Nyevu. Dhahabu alikuwa kisimani na babaye.

"Sikuja kugombana," akasema, baada ya kukaribishwa kigoda. "Nimekuja kuomba. Nipe Dhahabu niende naye. Huko hakuna anayemjua babu yake. Atasoma, na likizo nitamrudisha mwenyewe kwa gari la moshi. Hapa mtamfanya nini? Akikua hivi, hata kuolewa watamkwepa."

Nyevu hakuinua macho kwenye ukili. "Unajua kwamba nilijua?"

"Najua. Niliuona uso wako pale dirishani. Haukuwa uso wa mtu aliyeogopa ramli." Milcah alikunja mikono mapajani. "Sikujua tu kwa nini. Nilikukosea nini?"

Mkono wa Nyevu ulisimama. Kulisema jambo lile kulikuwa aibu kuliko kulifanya.

"Alikuita mama."

Milcah alikuwa mwanamke aliyeolewa zamani na asiye na mtoto, na uso wake ulisema wazi kwamba neno hilo, lile alilolitupa dirishani kama mzaha, yeye alikuwa amelihifadhi.

"Mimi nilimwambia kila mara, mimi ni mwalimu," akasema mwisho. "Nitaendelea kumwambia."

"Usimwambie." Nyevu alitamka kila neno kama anameza mwiba. "Atakuwa mbali, atakuwa usiku anaamka. Akikuita mama, mwitikie."

Stesheni ya Changamwe siku ya safari ilijaa makuli, kuku, na mafurushi. Fondo alibeba kisanduku cha mtoto begani, wala hakumtazama mkewe. Nyevu alikuwa amemsuka Dhahabu nywele mwenyewe, kwa mtindo wa Milcah, mistari minne inayokwenda nyuma, na safari hii hakuvuta. Njia nzima alijitayarisha kwa jambo moja. Alijua mtoto atamwona mwalimu wake, atamwachia mkono na kumkimbilia, na yeye atasimama pale na kukubali. Alikuwa amelifanyia mazoezi moyoni mpaka likaacha kutoa machozi.

Milcah alikuwa mlangoni mwa behewa la tatu, amenyoosha mikono. Dhahabu alimtazama. Kisha akageuka, akamkumbatia mamaye miguuni kwa nguvu zake zote, akapiga yowe lililowageuza watu kila upande.

"Sitaki! Mama, sitaki! Nitakaa na wewe, nitasuka, sitahesabu tena, mama, usinipe!"

Filimbi ikalia. Nyevu aliinama akaanza kuvibandua vidole vile kutoka kwenye kanga yake, kimoja kimoja, na kila alichokibandua kilirudi kushika. Hatimaye Fondo alimwinua mtoto na kumtia behewani, na Milcah akampokea, naye bado anaita mama, na ameelekea nje, kwa Nyevu, si kwa mwingine. Gari likaondoka. Yowe lile likasikika mpaka kwenye kona.

Nyevu alisimama pale na kanga iliyokunjamana, machozi yanambubujika, na moyoni mwake alikuwa amefurahi. Alijua ni furaha mbaya, hata hakuthubutu kumtazama Fondo asije akaiona usoni pake, lakini alirudi nayo Mikindani njia nzima, wala hakuiachia.